Mwacheni Willy Gamba Aingie Darasani

Kila aliyepita kwenye kozi ya fasihi hapa chuoni ameuandika mgawanyo huu kwenye daftari lake: kuna riwaya dhati na kuna riwaya pendwa. Riwaya dhati ndiyo inayoheshimiwa. Inachambuliwa, inatungiwa maswali ya mtihani, inaandikiwa tasnifu. Riwaya pendwa ni ile ya upelelezi, ujasusi, ngumi, risasi na mapenzi, ambayo tunaambiwa watu wanaisoma kupoteza muda tu, na utamu wake unakwisha ukishajua muuaji ni nani.

Mimi nasomea ualimu, na hoja yangu ni moja. Tukitaka watoto tutakaowafundisha wawe wasomaji, tuanze na hiyo pendwa, na hasa ile yenye mhusika mmoja anayerudi kitabu baada ya kitabu. Jina lenyewe limeshatoa ushahidi: inapendwa. Sasa mwalimu anayelalamika kila siku kwamba wanafunzi hawapendi kusoma anaipitaje pembeni riwaya iliyopewa jina la kupendwa?

Kwa wale ambao hawajakutana na hawa watu, niwatambulishe kwa ufupi. Mwaka 1960 ilichapishwa *Mzimu wa Watu wa Kale* ya Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, baada ya kushinda shindano la uandishi wa hadithi la 1957–58. Humo ndimo alimozaliwa Bwana Msa, mpelelezi asiye na sare wala bastola kiunoni, mwenye kiko chake na rafiki yake Najum. Baada ya hapo akarudi kwenye *Kisima cha Giningi* (1968), *Duniani Kuna Watu* (1973), *Siri ya Sifuri* (1974), *Mke Mmoja Waume Watatu* (1975), *Mwana wa Yungi Hulewa* (1976) na *Kosa la Bwana Msa* (1984). Hesabu mwenyewe: vitabu saba, miaka 24, mtu yule yule.

Huku bara, mwaka 1965 Faraji Katalambula akatuletea Inspekta Wingo kwenye *Simu ya Kifo*. Mwaka 1974 akaja Elvis Musiba na *Kufa na Kupona*, na ndani yake Willy Gamba, jasusi wa Tanzania ambaye baadaye tulimkuta tena kwenye *Kikosi cha Kisasi*, *Njama*, *Hofu* na vingine. Kisha Ben Mtobwa, mzaliwa wa Kigoma, akatupa Joram Kiango. Kenya nao hawakukaa nyuma: David Maillu aliandika kwa Kiingereza juu ya jasusi wake Benni Kamba, namba 009, kwenye *The Equatorial Assignment* ya mwaka 1980. Ukiiona hiyo namba unajua mara moja alikuwa anamtania nani kule Uingereza.

Sasa fanya jaribio dogo. Ukirudi nyumbani likizo, muulize baba, mjomba au yule mzee jirani aliyesoma sana ujana wake: *Njama* ilihusu nini hasa? Wengi watakuna kichwa. Ila ukiuliza Willy Gamba ni mtu wa namna gani, utaletewa kiti ukae. Utaambiwa anavyovaa, anavyoingia hotelini, anavyowajibu mabosi wake, anavyotoka mahali ambapo mtu mwingine angezikwa. Kisa kimesahaulika na mtu kabaki. Hapo ndipo nguvu ya riwaya za aina hii ilipo, na ndipo wanaozibeza wanapokosea. Wao wanadhani tunafuata risasi. Risasi haina maana yoyote kama hujui inamfuata nani. Mtu usiyemjua akikimbizwa gizani kwenye ukurasa wa kwanza, unatazama tu. Akikimbizwa mtu uliyekaa naye vitabu vitatu, chai inapoa mezani.

Angalia hata majina ya vitabu vyenyewe. *Kosa la Bwana Msa* ni jina linalomvuta nani? Asiyemjua Msa ataona ni kosa la bwana mmoja huko, akae nalo mwenyewe. Lakini aliyemfuata tangu mwanzo, akamwona anafumbua kila fumbo kwa utulivu ule wake, lazima ashtuke: Msa naye anakosea? Hapo hapo kitabu kimeshanunuliwa. Mtobwa naye ana kitabu kinaitwa *Lazima Ufe Joram*. Jina hilo linamtisha tu mtu ambaye angesikitika Joram akifa. Waandishi hawa walijua kwamba wanaongea na watu waliokwisha kufungua urafiki.

Na urafiki huo si mchezo. Mwaka 1893 mwandishi Arthur Conan Doyle alichoka na Sherlock Holmes, akaamua kumuua kwenye hadithi. Wasomaji wakalalamika vibaya sana, wakamwandikia barua za hasira. Miaka michache baadaye Holmes alirudi vitabuni, na mwaka 1903 mwandishi ikabidi aeleze kwamba kumbe hakufa. Hebu fikiria: watu wazima wenye kazi zao, wanamlilia mtu ambaye hakuwahi kuishi.

Tusidhani pia kwamba jambo hili limeletwa na meli. Sisi tuliokulia Singida, kwa Wanyaturu na Wanyiramba, tumelelewa kwenye mfululizo kabla hatujajua herufi. Bibi hakuwa na haja ya kumtambulisha Sungura kila jioni. Tulikuwa tunamjua: mdogo, mjanja, mvivu kidogo, na mdomo wake unamponza. Fisi tulimjua pia, tumbo lake linafika mahali kabla ya akili yake. Swali letu lilikuwa moja: leo Sungura kafanya nini? Watoto wa pwani wao walikuwa na Abunuwasi. Kila hadithi ilikuwa mpya, ila mwenye hadithi alikuwa mwenyeji wetu. Bibi angetuletea wanyama wapya kila siku, kisha akatuuliza dhamira kuu ni ipi, nadhani tungelala mapema sana.

Sasa twende darasani, maana huko ndiko tunakokwenda wengi wetu. Kizazi chetu kidato cha tatu na cha nne tulisoma *Takadini*, *Watoto wa Mama N'tilie* na *Joka la Mdimu*. Ni vitabu vizuri, sina ugomvi navyo. *Takadini* ilinifanya niwatazame watoto wenye ualbino kwa jicho lingine. Tatizo ni namna tulivyovisoma. Tulivisoma kama mtu anayepasua kuku wa maabara: hapa dhamira, hapa migogoro, hapa ujumbe, hapa falsafa ya mwandishi, hoja tatu kutoka kila kitabu, toa mifano. Wengine hawakuvifungua kabisa, walikariri madesa ya uchambuzi na wakafaulu. Na kitabu kikiisha, kimeisha. Takadini hana kitabu cha pili. Hakuna aliyetoka kwenye mtihani wa Kiswahili akienda kutafuta kitu kingine cha kusoma.

Kidato cha tano na cha sita nilipoenda mchepuo wa HKL, kitabu kilichokuwa hakitulii dawatini kilikuwa *Mfadhili* ya Hussein Tuwa. Huyu ni mwandishi ambaye wapenzi wa riwaya za taharuki wanamfahamu vizuri. Kilipita mkono hadi mkono, hata kwa wenzetu wa sayansi ambao hakikuwahusu. Mwalimu hakumlazimisha mtu. Nilijifunza kwamba mwanafunzi hachukii kitabu, anachukia kusomeshwa kitabu.

Mwaka jana nilipokwenda mazoezi ya kufundisha kwenye shule moja ya kata mkoani kwetu, nilichukua kutoka kwa mjomba nakala yake ya *Kufa na Kupona*. Mjomba ni dereva wa lori, anabeba vitunguu na alizeti, na kitabu hicho amekaa nacho miaka mingi. Kimepoteza jalada, kimeshikiliwa kwa gundi ya viatu. Maktaba ya shule ile ilikuwa kabati moja ndani ya ofisi ya walimu, na ufunguo wake ulikuwa na mtu mmoja ambaye mara nyingi hayupo. Nikamwazima kitabu kijana mmoja wa kidato cha tatu ambaye insha zake zilikuwa hazivuki nusu ukurasa. Sikumpa swali lolote. Alikirudisha siku ya nne, kimefungwa kwenye gazeti ili kisichakae zaidi, akaniuliza: "Madamu, kuna kingine cha huyu jamaa?"

Naomba tulitafakari swali hilo kama walimu. Kijana hakuuliza kama kuna kitabu kingine chochote. Alimtaka huyu. Nilimletea *Kikosi cha Kisasi*, na kabla sijaondoka foleni ya kukisoma ilikuwa na majina tisa, wasichana wakiwemo. Je, yule kijana sasa ni bingwa wa Kiswahili? Sijui, na sitaki kudanganya kwa mfano mmoja. Ninachojua ni kwamba alitaka kitabu cha pili, na mtu hawi msomaji kwa kitabu cha kwanza. Anakuwa msomaji siku anapotafuta cha pili kwa miguu yake.

Hata wataalamu wa lugha wameliona hili. Mwaka 1981 Stephen Krashen wa Marekani aliandika akitetea kile alichokiita usomaji mwembamba: badala ya kumrusha mwanafunzi kutoka mada hii kwenda ile, mwache akae na mwandishi mmoja au mada moja kwa muda. Sababu yake ni rahisi. Ukurasa wa kwanza wa kitabu chochote ndio mgumu kuliko yote. Hujui watu, hujui mahali, hujui mwandishi anapenda maneno gani. Ukifika kitabu cha pili cha mwandishi yule yule, nusu ya mzigo umeshautua. Maneno yanajirudia, unaanza kuyashika bila kamusi.

Mwaka 1994 Krashen na mwenzake Kyung-Sook Cho walichapisha habari za wanawake wachache wahamiaji nchini Marekani ambao Kiingereza chao kilikuwa kimegoma kukua. Waliwapa vitabu vya mfululizo wa Sweet Valley. Vile vya vijana vikawashinda, wakashushiwa vya watoto wadogo kabisa. Wale wakina mama wakavipenda, wakasoma kimoja baada ya kingine, na msamiati wao ukaongezeka. Vitabu vyenyewe havina heshima yoyote kwenye kozi za fasihi.

Hili linatuhusu sana sisi tutakaopangiwa Mkalama, Ikungi, Manyoni au Iramba. Watoto wengi kule wanakuja shule na Kinyaturu, Kinyiramba au Kisukuma mdomoni. Kiswahili wanacho, lakini Kiswahili cha kitabuni ni kitu kingine. Mpe mtoto wa namna hiyo *Siri ya Sifuri* leo, Kiswahili kile cha Unguja kitamyumbisha. Lakini akishamzoea Bwana Msa, atamvumilia. Atabahatisha maana ya neno kwa sababu anataka kujua Msa kaona nini. Sisi walimu tutaita hiyo kujifunza msamiati kutokana na muktadha. Yeye ataita kusoma hadithi.

Na si msamiati tu. Willy Gamba anapotumwa Nairobi kwenye *Kufa na Kupona* kufuatilia hati za siri za harakati za ukombozi, mwanafunzi anakutana na jambo analoandikishwa pia kwenye somo la Historia: Kamati ya Ukombozi ya OAU, iliyoundwa mwaka 1963 na kuwa na makao yake Dar es Salaam. Kwenye daftari la Historia ni mstari mmoja wa kukariri. Kwa Musiba ni watu wenye maadui, wanaoweza kuuawa usiku huo. Kikosi cha Kisasi nacho kinampeleka msomaji hadi Kinshasa. Kijana aliyekulia kijiji ambacho basi linapita mara moja kwa siku anazunguka Afrika akiwa amekaa chini ya mkungugu.

Najua majibu yatakayokuja, na mengine yana uzito. La kwanza: hivi vitabu ni vyepesi, shujaa hafi, kila kitu kinajulikana mwisho wake. Ni kweli Willy hafi. Kitabu kingine kiko kabatini, sote tunakiona. Ila kama taharuki ingekuwa ni kujua atakufa au hatakufa, hakuna ambaye angerudia kusoma. Tunasoma kuona atatokaje, na atamwacha nani nyuma. Mashabiki wa mpira wanatazama marudio ya mechi ambayo matokeo yake wanayajua, na hakuna anayewaita wavivu wa kufikiri.

La pili: vurugu na mapenzi. Mwalimu ana kichwa cha kuchagua. Sitampa mtoto wa kidato cha kwanza kila kitabu cha Joram Kiango, kama ambavyo sitamwachia kila filamu. Bwana Msa anafaa mapema, Willy anaweza kungoja. Mwalimu asome kwanza mwenyewe, ndiyo kazi yake.

La tatu ndilo linaloniuma mimi binafsi, kwa sababu mimi ni msichana. Kwenye nyingi ya riwaya hizi mwanamke anaingia kwenye ukurasa kwa umbo lake kwanza. Tunaambiwa kiuno kabla ya jina. Wapo wanaoshika bastola na kufanya kazi ya maana, lakini hata hao mara nyingi mwandishi anawapima kwa macho ya shujaa. Siwezi kuwatetea marehemu Musiba na marehemu Mtobwa kwa hilo. Ila sioni kwamba dawa yake ni kuvificha vitabu. Wale wasichana waliokuwa kwenye foleni yangu waliliona jambo hilo wenyewe. Mmoja aliniuliza mbona huyu dada ana akili kuliko Willy lakini yeye ndiye anayetekwa. Kwa kipindi kizima tulibishana juu ya hilo, wavulana nao wakajitetea, na ubishi ule ulikuwa uhakiki wa fasihi wa kweli kuliko hoja tatu za kukariri. Huwezi kumhoji mwandishi ambaye hujamsoma.

Na hapa nina ombi kwa wanaoandika humu chuoni, maana najua mpo. Mnaandika simulizi kwenye makundi ya WhatsApp, sehemu ya 14 leo, "itaendelea" kesho, na watu wanamaliza bando wakiwasubiri. Tupeni mpelelezi wa kike. Atoke Singida, ajue kukaanga kuku wa kienyeji na ajue kufuatilia gari usiku kwenye barabara ya Mwanza bila kuwasha taa. Mpeni kosa lake na ulimi wake. Mrudisheni kitabu cha pili, cha tatu, cha nne, mpaka wadogo zetu wamtaje kama baba zetu wanavyomtaja Willy.

Msiniambie kizazi hiki hakina subira ya mfululizo. Mageto yetu yote yanakesha na sizoni za Kikorea na za Kituruki. Watu wanakwenda kufanya UE macho mekundu, si kwa sababu ya madesa, ni kwa sababu sehemu ya 16 iliishia pabaya. Hamu ya kujua yule mtu kapatwa na nini tunayo tele. Kilichokosekana ni kitabu karibu na hiyo hamu.

Basi tufanye mambo mawili tunayoyaweza bila kusubiri waraka wowote. Kwanza, sisi wa ualimu, kila anayekwenda mazoezi ya kufundisha abebe angalau vitabu viwili vya mhusika mmoja. Kimoja hakitoshi, maana kazi yote iko kwenye kile cha pili. Avinunue bumu likitoka, bei yake haifiki ya viatu tunavyonunua kwa ajili ya mahafali ya watu wengine. Aazime bila kutoa swali la mtihani. Aweke daftari la majina, avirudishe salama.

Pili, ofisi ya serikali yetu ya wanafunzi itoe rafu moja tu ya kubadilishana riwaya. Unaleta kimoja, unachukua kimoja. Vitabu vingi vya zamani viko kwenye masanduku ya wajomba zetu, vinaliwa na mchwa, na nakala mpya mkoani ni kazi kuzipata. Vikusanywe kabla havijaisha. Na tukipata nakala halali dukani tununue, tusiishi kwa kupigana picha kurasa kwa simu, kwa sababu mwandishi asiyekula haandiki kitabu cha pili.

Riwaya dhati itabaki mahali pake, na nitaifundisha kwa moyo wote. *Vuta N'kuvute* haihitaji msaada wangu. Lakini mlango wa nyumba hiyo ni mrefu kwa mtoto ambaye hajawahi kumaliza kitabu hata kimoja. Mwacheni kwanza aingie na mtu anayemjua.